Ekseli Niliyoikata Mchana Kweupe

Vijana, mkisikia pale Karatu mjini kwamba Fundi Mkumbo aliharibu mali ya shamba, msibishane na mtu. Ni kweli niliiharibu. Niliibana ekseli ya nyuma kwenye vaisi, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata vipande viwili mchana kweupe, watu wakiniangalia. Sikuwa nimelewa, maana pombe niliacha kabla wengi wenu hamjazaliwa. Hasira nilikuwa nayo, sikatai, lakini si hasira iliyoshika msumeno.

Nawaandikia haya kwa sababu ya barua. Wiki mbili zilizopita ofisi ya shamba la kahawa nililolitumikia tangu ujana ilimtuma mtu aniletee barua hapa nyumbani Rhotia. Wanasema wameamua kuwakumbuka wastaafu ambao hawakuagwa, kila mmoja apewe cheti na blanketi zito. Nilisoma nikafurahi. Blanketi mwezi wa saba huku kwetu si kitu cha kudharau, ile baridi inayoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro haijali kama umestaafu. Kisha nikafika chini ya karatasi, nikakuta mahali pa kutia saini na mstari mmoja juu yake: kwamba mimi, Mkumbo, nakiri kuwa niliharibu mali ya mwajiri kwa makusudi, na ninajuta.

Niliipeleka barua kwenye gereji yenu pale barabarani, ninapopenda kukaa asubuhi na kuwaudhi. Mkaisoma, mkacheka. Mmoja wenu akaniambia, "Babu, saini tu bana. Hilo neno 'najuta' halina grisi, halitakuchafua mkono." Mwingine akasema kosa moja haliachi mke. Nikawaambia nitawajibu, ila si kwa mdomo, kwa kuwa mkishawasha mashine hamsikii la mtu. Basi majibu yenyewe ndiyo haya.

Mashine ya kisa hiki ilikuwa pikipiki ya matairi manne, hizo mnazoziita kwadi. Siku ilipoletwa, watu wa gereji tuliizunguka kama ng'ombe mgeni mnadani. Usukani wa pikipiki, matairi mafupi manene, mbele imeinuka, nyuma imeinama. Hapo hapo ikapata jina, Fisi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeita jina la kiwandani. Trekta lilikuwa halipandi mashamba ya juu yanayopakana na msitu, na pikipiki ya kawaida ilikuwa inalala kwenye tope pamoja na dereva wake. Fisi alipanda.

Dereva wake alikuwa Paskalina, nyapara wa mashamba ya juu, binti wa Mzee Boay, yule aliyenifundisha ufundi. Nilimjua Paskalina tangu anabebwa mgongoni. Kila asubuhi alipanda na Fisi mpaka mpakani mwa msitu, akakagua wachumaji, akaangalia kama tembo wamelikanyaga bomba la maji, kisha akateremka kwa ile barabara ambayo upande mmoja ni kahawa na upande mwingine ni korongo. Fisi alikuwa na ekseli moja ya nyuma, fimbo moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Spoketi ya mnyororo imefungwa juu yake, diski ya breki nayo juu yake. Ikikatika mkiwa mnateremka, gurudumu linakwenda zake na wewe unakwenda zako.

Wakati huo shamba lilikuwa limeanza kupokea wageni. Nyumba ya zamani ya mwenye shamba ilipakwa rangi, ikaitwa loji. Mgeni mmoja, kijana mchangamfu, akapewa Fisi azunguke kidogo kwenye kahawa. Yale makinga maji tuliyochimba ili udongo usiondoke na mvua, yeye aliyaona ni vilima vya kuchezea. Akaruka la kwanza, akaruka la pili, la tatu akatua kwa tairi moja la nyuma. Alirudi anacheka, hana hata mkwaruzo. Simlaumu, maana hakuna aliyemwambia makinga maji ni nini.

Kesho yake Paskalina akaingia gereji na Fisi mwendo wa kinyonga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona taratibu hivyo, umembeba padri?"

"Fisi anachechemea. Nyuma anayumba kama mtu aliyetoka kilabuni."

Hapa sikilizeni, maana nimewaona mkikosea. Gurudumu likiyumba, ninyi mnakimbilia tairi, halafu rimu, halafu mnamtuma mteja akanunue beringi, na siku ya nne ndiyo mnakumbuka kuna ekseli. Anza na ekseli. Inua nyuma kwa jeki, kisha weka stendi au gogo la mti, usiamini jeki peke yake hata kama ni ya shemeji yako. Toa magurudumu. Panga matofali, weka chaki juu yake, ncha ikaribie ekseli bila kuigusa. Zungusha ekseli kwa mkono, taratibu, huku ukiisogeza chaki kidogo kidogo. Ekseli iliyonyooka itapata alama mzunguko mzima. Iliyopinda itapata alama upande mmoja tu, ule uliotoka nje. Hiyo chaki ni ya kuomba shule ya msingi, na haijawahi kunidanganya.

Ya Fisi ilipata alama upande mmoja, kushoto, karibu kabisa na beringi. Nilimwita Paskalina aone. Tukaenda ofisini kwa Meneja, tukamwambia inatakiwa ekseli mpya.

Meneja wetu alikuwa kijana wa Arusha, msomi, mwenye adabu zake. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Aliuliza ekseli mpya itachukua siku ngapi kufika. Nikamwambia wiki, labda zaidi kidogo. Akashika kichwa. Jumamosi walikuwa wanakuja wageni wa mwenye shamba, na Paskalina ndiye wa kuwatangulia na Fisi mpaka juu msituni na kuwarudisha.

"Mzee Mkumbo," akasema, "kila mtu ananiambia wewe ndiye bingwa wa kunyoosha. Nyoosha."

"Sinyooshi."

"Huwezi au hutaki?"

"Naweza kuliko mtu yeyote wilaya hii. Sitaki."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa na kuku wake kwamba leo hatagi. Naye alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu sifa ile ilikuwa yangu kweli. Inabidi niwarudishe nyuma ili mjue niliipataje, na kwa nini nilikuwa naionea aibu.

Nilikuja Karatu kutoka Iramba, mkoa wa Singida, nikiwa kijana, juu ya lori, kuchuma kahawa. Kuchuma kulinishinda. Vidole vyangu vilikuwa vizito, jioni kikapu changu kilikuwa kinachekesha watoto. Siku moja nikatengeneza mpini wa kikapu uliokatika, nikaukaza kwa waya, na Mzee Boay akapita akauona. Alikuwa fundi mkuu wa gereji ya shamba, Mwiraqw wa Daa, mrefu, maneno machache. Akauvuta mpini, haukutoka. Akaniambia, "Wewe Mtu wa Kuku, kesho njoo gereji." Mtu wa Kuku ni mimi, kwa sababu ya kuku wa Singida. Aliniita hivyo miaka yote, na mimi nilikuwa namuuliza kama kwao Daa watu wanazaliwa wamenuna au wanafundishwa.

Siku yangu ya kwanza nilimharibia kazi. Alinipa ekseli ya tela niitoe kwenye beringi zake. Nikaipiga nyundo kichwani, chuma kwa chuma, ikatoka vizuri kabisa, nikasimama nasubiri sifa. Zile hesi, mikato ya kuzungushia nati, zilikuwa zimesagika zote. Mzee Boay hakufoka. Aliniletea nati mpya, akasema, "Ifunge." Nilihangaika nayo mpaka saa ya chakula, haikuingia hata duru moja. Ndipo akanionyesha: kwanza rudisha nati mpaka iwe sawa na kichwa cha ekseli, kisha weka kipande cha mti mgumu, ndipo upige. Tangu siku hiyo kipande changu cha mti kilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli. Ninacho mpaka leo, ingawa ovaroli walichukua.

Miaka ile vipuri vilikuwa haviji. Ukiagiza kitu unasahau kama uliagiza. Kwa hiyo gereji yetu ilikuwa na msemo wake: hapa hatutupi chuma. Kilichopinda kinanyooshwa, kilichokatika kinaungwa, kisichowezekana kinatunzwa nyuma ya gereji mpaka kiwezekane. Kunyoosha kwa moto ndiyo ilikuwa heshima yetu. Mzee Boay alikuwa anapasha chuma mpaka kiwe rangi ya papai lililoiva, anakigonga juu ya gogo, kisha anakizika kwenye jivu la moto mpaka kesho yake. Lile jivu ndiyo ilikuwa amri yake kubwa. "Kikitoka motoni kilazwe kama mgonjwa," alisema. "Usikiamshe kabla hakijapoa chenyewe."

Sasa sikieni kosa langu. Ilikuwa siku ya mnada na nilitaka kwenda kununua mbuzi. Mzee alikuwa ametumwa mjini, nami nilikuwa nimebaki na ekseli ya tela iliyopinda. Niliinyoosha vizuri, chaki ikazunguka mzunguko mzima. Ila ilikuwa bado ya moto, na jivu lilitaka mpaka kesho, na mbuzi wazuri huisha mapema. Nikachukua ndoo ya maji nikaimwagia. Ikalia, ikapoa, nikaifunga, nikaenda mnadani. Mzee aliporudi akauliza kama ililala kwenye jivu. Nikasema ndiyo.

Siku ya tatu tela lilibeba maharage kuteremka Daa. Mzee Boay alikuwa amekaa juu ya magunia, anakwenda kwake kuona mgonjwa. Ekseli ikakatika kwenye mteremko, tela likapinduka, likamlalia mguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu gereji asiyesikia alikuwa mimi, na aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe. Hospitali wakaukata chini ya goti.

Nilikwenda kumwona nikiwa nimekonda kuliko yeye. Nikamwambia ukweli: maji, mnada, uongo. Nililia mbele ya wagonjwa wote wa wodi ile na sikujali. Aliangalia mahali mguu ulipokuwa. Kisha akasema, "Mkumbo, nilikufundisha kunyoosha. Sikukufundisha kukata. Hilo ni kosa langu."

Sikumwelewa. Akanieleza. Ekseli ya chombo kinachobeba mtu ikipinda imekufa. Ukiitupa nzima, yupo atakayeiokota, kwa sababu sisi ni watu wa kuokota. Ataipasha moto, ataisifia, ataifunga. Kwa hiyo usiitupe, ikate, hata mwenye haraka akiiona aone hakuna la kuifanyia. Halafu akanifukuza niende kazini. Aliitwa mwalimu wangu mpaka hapo. Tangu siku ile namwita baba, ingawa hatupishani sana kwa umri.

Siri ile ilibaki yetu wawili, au nilidhani hivyo. Nilirithi gereji. Niliendelea kunyoosha mageti, mapanga na vyuma vya kuanikia kahawa, watu wakanisifu, wala sikuwaambia kwamba ekseli ya kubeba mtu sikuigusa tena na moto. Zilizopinda nilizikata kimya kimya, na vipuri vikawa vinakuja, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa fundi bingwa anayeogopa ndoo ya maji.

Turudi kwa Meneja. Nilipokataa, hakugombana. Alhamisi akaleta fundi kutoka mjini, kijana mwenye mitungi ya gesi na miwani nyeusi, na simlaumu yeye pia, aliitwa kazini akaja. Nilimtolea ekseli kwa mikono yangu, maana ndiyo kazi niliyoagizwa. Akaipasha, akaigonga, kwa kweli mkono alikuwa nao. Halafu nikaona anaangalia huku na huku, akaliona pipa la maji ya mvua, akaichovya. Ikalia. Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu siku ya mnada, nikakaa juu ya tairi.

Tukaijaribu kwa chaki, ikazunguka mzunguko mzima. Meneja akafurahi. "Umeona, Mzee? Ifunge. Nikirudi kutoka loji nimkute Fisi amesimama." Akaondoka na yule fundi kumwonyesha chakula kilipo.

Nikabaki na Paskalina na vijana wa kahawa waliokuja kuchungulia. Nikawaambia, chaki inajua kunyooka, haijui kupasuka. Kwa kupasuka kuna dawa nyingine, na hii muiandike mahali. Safisha chuma, kipake mafuta ya taa, kiache kwa muda, kisha kifute mpaka kikauke kabisa. Saga chaki iwe unga, ipake juu, ngoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda kwenye unga na kuchora mstari. Tulingoja kama muda wa kunywa kikombe cha chai. Karibu na mahali pa beringi, pale palipokuwa na rangi ya samawati ya moto, ukatokea mstari mwembamba wa maji maji, kama unywele, robo ya mzunguko.

Paskalina akauona. Mimi nikamwangalia yeye. Nilijua sasa sina pa kujificha.

"Mwanangu," nikasema, "kuna jambo sijawahi kukuambia. Mguu wa baba yako."

"Uliimwagia maji ukakimbilia mbuzi," akasema. "Najua, baba mdogo. Baba aliniambia siku niliyopewa Fisi. Alisema, ukimwona Mkumbo amekataa kitu, na wewe usikipande."

Tangu apewe Fisi, yule binti alikuwa ananiamkia shikamoo, ananiletea makande ya mama yake, anajua. Kama kuna saa maishani mwangu niliyopendwa bila kustahili, ni saa ile.

"Sasa nisipoipanda mimi," akaendelea, "atapanda mwingine. Meneja ataifunga Jumamosi asubuhi na kumpa yeyote."

Nikaibana ekseli kwenye vaisi.

Mashine ya kukatia ilikuwepo, umeme ndio haukuwepo. Nikachukua msumeno wa mkono. Nilianzia palepale kwenye ufa, na hapo mtajifunza kitu: msumeno uliteleza. Meno yalikwaruza tu kama kwenye kioo. Pale palipopashwa moto na kumwagiwa maji pamekuwa pagumu kupita kiasi, na kigumu cha namna hiyo hakipindi tena, hupasuka. Kikipinda kinakuonya. Kikipasuka hakikuambii kitu. Nikasogea shibiri moja pembeni, kwenye chuma ambacho hakikuguswa na moto, na msumeno ukaanza kula.

Meneja aliporudi nilikuwa karibu nusu.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nakata."

"Acha. Hiyo ni mali ya shamba."

"Ni mali ya shamba iliyopasuka. Paskalina, mwonyeshe mstari."

Akaangalia. "Huo ni mkwaruzo."

Yule fundi wa mjini akainama, akaupitishia ukucha. Akaangalia pipa la maji, akaangalia viatu vyake. "Sio mkwaruzo, bosi," akasema taratibu. Nilimpenda kijana yule kuanzia hapo.

"Mzee Mkumbo, nakuamuru uache. Umebakiza miezi mingapi ustaafu? Fikiria."

Nilikuwa nimefikiria. Miezi sita. Kisha ningeagwa kama walivyoagwa wenzangu, mbuzi achinjwe, gereji iimbe, nipewe spana yangu ya kwanza niende nayo nyumbani. Nilikuwa naingoja siku ile kuliko ninavyotaka kukiri. Nikabadilisha mkono wa kuume kwa wa kushoto, nikaendelea. Kwetu kijana hamnyang'anyi mzee msumeno mbele za watu, na Meneja alilelewa vizuri, kwa hiyo akabaki amesimama. Vilivunjika visu viwili vya msumeno. Kipande kilipoanguka sakafuni kilitoa mlio mrefu, na nikajua hakuna mtu atakayeipasha moto tena ekseli ile.

Bora lawama kuliko fedheha. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, nikafuta jasho.

Yeye akasema, "Ekseli mpya ikifika, uifunge. Ukimaliza ulete funguo za gereji ofisini." Wageni wa Jumamosi walipanda kwa miguu. Nasikia walifurahi sana, waliona nyani.

Ekseli mpya ilifika baada ya siku tisa, nami nikaifunga kama kazi yangu ya mwisho, sikutaka mtu aje kusema Mkumbo aliondoka na kinyongo kwenye nati. Niliosha nyumba ya beringi mpaka ikang'aa. Nikazungusha beringi za zamani kidoleni, moja ikawa na mchanga ndani, nikazitoa zote mbili, kwa sababu zilianguka pamoja na ekseli iliyopinda na hazikuwa nzima tena hata kama moja ilijifanya. Nikaweka sili mpya, midomo yake nimeipaka grisi isichanike. Udongo wetu mwekundu unaingia popote, msiudharau. Nikapitisha ekseli kwa mkono, sikupiga hata nyundo moja. Ikikataa kuingia ujue umekosea wewe. Spoketi, diski, habu za magurudumu, nati, pini mpya ya kuizuia nati isifunguke. Pini ya zamani usiirudishe, hata ukiinyoosha vipi. Huko nako ni kunyoosha kilichokufa.

Nikaijaribu kwa chaki. Kisha nikampa Paskalina azunguke mara moja mpaka bwawani na kurudi, nikakaza nati upya, maana ekseli mpya ikishatembea kidogo nati hulegea, na huu ndio ukaguzi ambao ninyi wote mnauruka kwa sababu mteja anapiga honi. Nikamtuma tena, na aliporudi nilishika nati zote. Zilikuwa zimetulia.

Nikapeleka funguo. Hakukuwa na mbuzi wala wimbo. Niliondoka na kipande kimoja cha ekseli ndani ya gunia, na Paskalina akachukua kingine akampelekea baba yake. Changu kinazuia mlango wangu usipigwe na upepo. Cha Mzee Boay kipo Daa karibu na kiti chake. Nikienda kumsalimia ananiuliza, "Mtu wa Kuku, siku hizi unanyoosha?" Namjibu nakata tu. Ndio mzaha wetu mmoja na hatujauchoka.

Sasa mmesikia. Ninyi mliniambia nisaini kwa sababu neno 'najuta' halichafui mkono. Nina mambo ya kujutia, nimewaandikia hapa bila kuficha, ndoo ya maji na uongo mmoja wa neno moja. Nimeyajutia kila nikimwona mzee yule akitafuta fimbo yake. Kwa hiyo najua kujuta kunakaaje, na hakukai kwenye ekseli ya Fisi. Siku mteja atakapowasimamia kichwani na kusema funga, na ninyi mmeuona mstari, mtanikumbuka. Wenye haraka watakuwa na vyeo, na ninyi mtakuwa na msumeno.

Leo asubuhi Paskalina alipita kuchukua barua airudishe ofisini. Yeye sasa ndiye msimamizi wa mashamba yote, nywele zimeanza kupata mvi, lakini bado anaendesha kwadi yake mwenyewe.

"Umesaini, baba mdogo?"

"Nimesaini. Soma."

Akasoma. Ule mstari wao nilikuwa nimeupiga kalamu kwa rula, nisionekane mchafu. Chini yake nimeandika: Niliikata kwa makusudi. Ingekuwa leo ningeikata tena, na vipande vingekuwa vitatu.

Hakucheka. Aliikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Na blanketi?"

"Waambie nina koti."

Akawasha, akaondoka kuelekea korongoni. Nilisimama mlangoni, mguu juu ya kipande changu cha chuma, nikaisikiliza nyuma ya mashine yake akiteremka, kama ninavyoisikiliza kila akipita. Haichechemei.